Bei ya kwenye skrini nayo ina lumbesa yake

MKULIMA wa Busi, wilayani Kondoa, akisikia neno lumbesa hahitaji kuelezwa. Ni lile gunia linaloshonewa kilemba juu, mnunuzi analipa kama gunia moja la kilo 100, kumbe ndani kuna debe moja au zaidi la ziada ambalo mkulima amelitoa bure. Wakala wa Vipimo amepiga kelele kwa miaka mingi, sheria ipo, na bado kilemba kinaonekana kwenye malori.

Sasa kuna lumbesa nyingine ambayo haina gunia wala mzani. Hii hufanyika kwenye skrini ya kompyuta au simu.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana magunia 10 ya ulezi stoo. Kijana mnunuzi anafika na kompyuta ya mapajani, anasalimia kwa adabu, “Shikamoo mzee,” anakaribishwa kigoda, kisha anafungua ukurasa wa bei za mazao. “Sikudanganyi, baba. Tazama mwenyewe, bei ya Dodoma mjini leo hii hapa.” Mzee anavaa miwani. Anaona nembo, anaona jina la soko, anaona ulezi, na mbele yake shilingi 125,000. Wanakubaliana, gari linapakia. Jioni mjukuu wake anafungua ukurasa uleule kwa simu yake na kukuta 150,000. Tofauti ni shilingi 25,000 kwa gunia, yaani 250,000 kwa magunia yote. (Bei hizi ni za mfano tu, msomaji asizichukue kwenda nazo sokoni.)

Je, kijana yule alivunja mitambo ya wenye tovuti? La. Hakugusa chochote cha mtu. Alibadilisha nakala iliyokuwa kwenye kompyuta yake mwenyewe, kazi ya sekunde chache ambayo haihitaji utaalamu mkubwa. Ili kuelewa inavyowezekana, inabidi tuingie kidogo jikoni mwa wanaotengeneza kurasa za wavuti. Ndugu msomaji usiogope, hakuna hesabu ngumu.

Ukurasa ni kama zizi

Ukurasa wa wavuti unapofunguliwa, hauangaliwi huko uliko kama mtu anavyoangalia bango barabarani. Nakala yake husafirishwa hadi kwenye simu au kompyuta yako, na programu ya kufungulia kurasa, ile inayoitwa kivinjari, ndiyo huupanga na kuuonyesha. Kuanzia hapo nakala hiyo ni yako. Ukiichorachora, mwenye tovuti hana habari, na mtu mwingine akifungua kwake ataona ukurasa halisi.

Ndani ya nakala hiyo mna vipande vingi: kichwa cha habari, aya, picha, jedwali, mistari ya jedwali, na ndani ya kila mstari vijumba vya maneno na namba. Vimepangwa kwa ukoo, kimoja ndani ya kingine, kama boma lenye nyumba, nyumba yenye vyumba, na chumba chenye kabati.

Lakini kwa wafugaji mfano mzuri zaidi ni zizi. Ukitaka kumwagiza mchungaji atoe mifugo fulani, una njia tatu. Unaweza kusema “toa mbuzi wote”, ukichagua kwa aina. Unaweza kusema “toa wenye chapa ya ukoo wetu”, ukichagua kwa alama ambayo wengi wanayo. Au unaweza kusema “mlete yule mwenye hereni namba 47”, na hapo anakuja mmoja tu, maana namba ya hereni hairudiwi. Kurasa za wavuti zinafanya hivyohivyo. Kila kipande kina aina yake, kinaweza kupewa chapa inayoshirikiwa na vipande vingine, na kinaweza kupewa namba ya hereni ambayo ni yake peke yake. Mtengenezaji akishaita kipande anachokitaka, anakiamuru: jifiche, jionyeshe, badilika rangi, badilisha maneno uliyobeba.

Lugha inayotoa amri hizo ni JavaScript. Iliandikwa Mei 1995 na Brendan Eich, akiwa mfanyakazi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, na inajulikana kuwa toleo la kwanza lilimchukua siku 10. Pengine haraka hiyo ilichangia matatizo yaliyofuata, ila tatizo kubwa lilikuwa la ushindani. Kila kampuni ilitengeneza kivinjari chake na kila kivinjari kilizielewa amri kwa namna yake. Ukurasa uliofanya kazi vizuri kwenye Internet Explorer uligoma kwenye Firefox, na uliokubali Firefox ukaharibika kwenye Safari. Mtengenezaji alilazimika kuandika amri moja mara mbili au tatu. Ni sawa na kuwa na wachungaji watatu, mmoja anaelewa Kirangi, mwingine Kigogo, mwingine Kimasai, na wewe unataka mbuzi yuleyule mmoja.

Kijana wa New York na alama ya dola

Januari 2006, katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta jijini New York, kijana aitwaye John Resig alitoa kifurushi cha amri zilizokwisha kuandikwa, akakiita jQuery. Toleo lililokamilika, 1.0, lilitoka Agosti mwaka huohuo. Kazi yake ilikuwa kusimama katikati kama mkalimani: mtengenezaji anaandika amri moja fupi, na jQuery yenyewe inajua namna ya kuisema kwa kila kivinjari.

Uchaguzi wa vipande ulifanywa kwa alama ya dola. Tuseme umetengeneza jedwali la bei ambapo kila mstari umepewa chapa “zao”, na mistari ya ulezi imeongezewa chapa “ulezi”. Kuficha mistari yote na kubakiza ya ulezi peke yake, unaandika mistari miwili tu:

$(".zao").hide();
$(".ulezi").show();

Nukta iliyo mbele ya neno ndiyo inayosema “tafuta chapa hii”. Kama ungetaka kipande kimoja chenye hereni yake, ungeweka alama ya reli (#) badala ya nukta. Neno hide ni ficha, show ni onyesha. Kazi ambayo zamani ilichukua mistari 15 ya kubahatisha ikawa mistari miwili. Kifurushi kilitolewa bure, mtu yeyote akitumie hata kwa biashara. Septemba 2008 kampuni za Microsoft na Nokia zilitangaza kuanza kukitumia, na baada ya hapo kilienea kama moto wa kiangazi. Hata katika miaka ya karibuni takwimu za W3Techs zimeonyesha kuwa zaidi ya asilimia 70 ya tovuti duniani bado zina jQuery ndani yake, nyingine pengine bila wenyewe kukumbuka.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mfano unaojulikana ni Ushahidi, tovuti iliyoanzishwa Kenya Januari 2008 katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Waanzilishi wake, wakiwamo Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walitaka wananchi watume taarifa za matukio kwa simu na mtandao, kisha zionekane kwenye ramani. Programu yao ilipotolewa baadaye kwa umma, ilitumia jQuery kwenye kurasa zake. Mtu aliweza kubofya aina moja ya tukio na ramani ikabakiza alama za aina hiyo. Mwaka 2010 ilitumika katika tetemeko la ardhi la Haiti. Kuchagua matukio kwenye ramani na kuchagua ulezi kwenye jedwali ni kazi moja.

Jedwali la bei na faida yake

Turudi kwenye mazao. Wizara inayohusika na biashara imekuwa ikitoa taarifa za bei za jumla za mazao makuu ya chakula: mahindi, mchele, maharage, mtama, uwele, ulezi, ngano na viazi mviringo. Bei hutajwa kwa kilo 100, ya chini na ya juu, soko kwa soko. Kwa mkoa wa Dodoma hutajwa Majengo mjini na Kibaigwa wilayani Kongwa. Ni taarifa nzuri sana. Tabu yake ni kwamba ukiiangalia kwenye simu yenye skrini ndogo, ni msitu wa namba. Mkulima wa Busi mwenye ulezi na mtama hana haja ya bei ya mchele Kyela wala viazi Njombe.

Hapo ndipo kijana anayejua kutengeneza kurasa anapoweza kusaidia chama cha ushirika au kikundi cha wafanyabiashara. Anazipanga bei zilezile kwenye ukurasa wa kawaida, anaweka vitufe vitatu juu: zao, soko, na wiki. Mkulima akibonyeza “ulezi” inabaki mistari ya ulezi, akibonyeza “Majengo” unabaki mmoja. Hakuna kinachopakuliwa upya, hivyo bando haliliwi mara ya pili. Jedwali lote lilishafika mara ya kwanza, kinachofanyika ni kufichua na kuficha.

Suala la bando si dogo. Kabla ya nyaya za baharini kufika, SEACOM ikiwa ya kwanza kutua Dar es Salaam Julai 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti na ukurasa mzito ulikuwa adhabu. Leo kasi imepanda, lakini vijijini fedha ya bando bado inahesabiwa. jQuery ikishabanwa kwa ajili ya kusafirishwa ni kama kilobaiti 30 hivi. Picha moja ya shamba iliyopigwa kwa simu na kuwekwa bila kupunguzwa inaweza kuzidi hapo mara 50 au 100. Kwa hiyo ukurasa wa bei ukiwa mzito, tazama kwanza picha kabla ya kulaumu programu.

Lumbesa inavyoshonwa

Sasa ubaya. Amri ileile ambayo mtengenezaji mwaminifu huitumia kuweka bei mpya ndani ya kijumba cha jedwali, mtu yeyote anaweza kuitumia kwenye nakala iliyo kwake. Vivinjari vya kompyuta huja na sehemu ya mafundi ambayo huruhusu kufanya hivyo, na ni halali kabisa kuwapo, maana bila hiyo hakuna fundi angeweza kutafuta kosa. Namba 150,000 inabadilika kuwa 125,000. Nembo, anuani ya tovuti juu ya ukurasa, hata ile alama ya kufuli inayosifiwa kuwa dalili ya usalama, vyote vinabaki kama vilivyokuwa. Kufuli linathibitisha kuwa nakala ilisafiri salama hadi hapo. Halisemi lolote kuhusu aliyoyafanya mwenye kompyuta baada ya kuipokea.

Mchezo huohuo unafanyika kwenye risiti za malipo. Mfanyabiashara wa duka anaonyeshwa ukurasa wa benki unaosema fedha imeshatumwa, anatoa mzigo, kumbe salio lake halijasogea hata senti. Na picha ya skrini ni dhaifu zaidi, kwa sababu imeshatengana na ukurasa uliopigwa. Watanzania tumeshajifunza kwa machungu kuhusu ule ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”. Huu ni ndugu yake, tofauti ni kwamba amevaa suti.

Kinga yake ni rahisi na haina gharama: bei isomwe kwenye simu ya muuzaji, si ya mnunuzi. Anuani iandikwe upya kwa mkono, isitumwe na mwenye kutaka kununua, maana anaweza kutuma anuani ya tovuti ya kughushi inayofanana na ya kweli. Kama simu haipo, mpigie mtu aliye Majengo au Kibaigwa. Na malipo yahakikishwe kwa kuangalia salio lako mwenyewe, hata kama mnunuzi anaonekana kuudhika. Mnunuzi mwaminifu hapotezi kitu kwa dakika mbili za kusubiri.

Hata kwa mazao yanayouzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo uliowekewa sheria mwaka 2005, jambo hili halijapitwa. Katika miaka ya karibuni ufuta, mbaazi na dengu vimekuwa vikiuzwa kwa minada ya Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambako wanunuzi hushindana kwa njia ya mtandao na wakulima huelezwa bei iliyofikiwa. Mtu akija kijijini na skrini akidai kuwa bei ya mnada wa jana ilianguka, “bora uniuzie mimi leo”, kauli hiyo ipelekwe kwanza kwa karani wa AMCOS.

Makosa ya watu waaminifu

Si kila bei mbaya kwenye skrini ni wizi. Nyingine ni uzembe wa fundi, na kwa maoni yangu huu ndio unaoumiza wengi zaidi kwa sababu hauna mtu wa kumkamata.

Kosa la kwanza ni tarehe. Ni rahisi sana kumwagiza JavaScript aandike juu ya ukurasa “Bei za leo” pamoja na tarehe. Lakini tarehe hiyo huchukuliwa kutoka kwenye saa ya simu ya msomaji. Bei zenyewe zinaweza kuwa za wiki tatu zilizopita, karani hajaingiza mpya, na ukurasa bado unaapa kuwa ni za leo. Fundi anatakiwa aandike tarehe ambayo bei zilikusanywa, ndani ya jedwali lenyewe, kwa mkono wa aliyezikusanya. Ukurasa wa bei usio na tarehe ya namna hiyo ni wa kupitwa tu.

Kosa la pili ni la kupanga. Kompyuta isipoambiwa kuwa bei ni namba, huichukulia kama maneno na kuipanga kwa herufi, kama daftari la mahudhurio. Chukua bei tatu: 95,000, 108,000 na 150,000. Ukizipanga kama maneno kutoka kubwa kwenda ndogo, 95,000 inakaa juu kabisa, kwa sababu 9 ni kubwa kuliko 1 na kompyuta imeishia hapo. Mkulima anaona soko la kwanza kwenye orodha, anadhani ndilo lenye bei nzuri, anakodi gari kwenda kwenye bei mbaya kuliko zote. Koma inayotenganisha maelfu ndiyo mara nyingi inayosababisha, na lazima iondolewe kabla ya kupanga.

Tatu ni wale wenye kitochi au simu ya zamani. Kuna watengenezaji wanaoficha kila kitu kwanza, halafu wanategemea jQuery ije ifichue. Mtandao ukikatika katikati, au simu ikawa na kivinjari kidogo kama Opera Mini kinachobana kurasa na kutotekeleza kila amri, msomaji anaachiwa ukurasa mweupe. Njia sahihi ni kinyume chake. Jedwali lote liwe wazi tangu mwanzo, na vitufe vya kuchagua viwe nyongeza. jQuery ikishindwa kufika, mkulima bado ana bei zake zote, ingawa itambidi ateremshe kidole.

Kwa vijana wa Busi

Barabara ya lami kutoka Dodoma kwenda Babati kupitia Kondoa ilikamilika mwaka 2018, na wanunuzi wanaoshuka nayo wengi wanakuja na simu mkononi. Kijana wa kidato cha nne aliyebaki nyumbani anaweza kujifunza kazi hii, na msimu wa mavuno ndio wakati wa kuionyesha.

Wapo watakaomwambia jQuery imepitwa na wakati. Wana sehemu ya ukweli. Vivinjari vya sasa vimeelewana, Internet Explorer ilistaafishwa rasmi Juni 2022, na JavaScript yenyewe siku hizi ina amri ya querySelector inayochagua vipande kwa alama zilezile za nukta na reli. Kwa ukurasa mdogo wa bei, mtu anaweza kuandika bila kifurushi chochote na kuokoa zile kilobaiti 30. Ila tovuti nyingi zilizopo maofisini na kwenye makampuni ziliandikwa kwa jQuery, na anayetafuta vibarua vya kuzirekebisha atakutana nayo kila siku. Akijifunza mtindo mmoja wa kuchagua, wa pili haumchukui wiki.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kujifunza huku hakuhitaji intaneti muda wote. jQuery ni faili moja. Linapakuliwa mara moja Kondoa mjini, linawekwa kwenye flashi, na kompyuta yoyote kuukuu yenye kivinjari inalifungua. Jedwali la kwanza linaweza kuwa la bei za gulio, mistari sita tu, zikiandikwa na kijana mwenyewe kwa kuzunguka na daftari asubuhi: mtama, ulezi, uwele, alizeti, mbaazi, kuku. Ampe bibi au mjomba abonyeze vitufe bila kuelekezwa. Pale watakapokwama ndipo pa kurekebisha.